Vidonge vilivyopanda juu

Februari 2018, nikiwa mwaka wa pili wa uzamivu huko Uswidi, nilipoteza kazi ya wiki tatu kwa dakika tano hivi.

Nilikuwa nakuza seli za mafuta ya binadamu. Wagonjwa waliokuwa wakipasuliwa waliridhia kutupa kipande kidogo cha mafuta yao. Kilifika maabara ndani ya chupa, cha manjano kama siagi. Tulikikatakata, tukakitia kimeng'enya cha kolajenezi, kinacholegeza nyuzi zinazoshikilia seli, kisha tukakizungusha kwenye mashine. Seli za mafuta zilizokomaa ziliinuka juu, seli changa zikazama. Hizo changa ndizo tulizozitaka.

Ukizipanda kwenye sahani bapa zitakubali, ila shingo upande. Zitajaza vitone vingi vidogo vya mafuta, wakati seli ya mafuta mwilini hubeba tone moja kubwa. Ukitaka kujua unene unamfikishaje mtu kwenye kisukari, seli ya namna hiyo itakudanganya. Ndiyo maana tukahamia vidonge (si vya dawa, vidonge kama vya ugali). Unaziweka seli elfu chache kwenye kishimo chenye tako la mviringo, kisichozipa mahali pa kujishikiza, nazo zinashikana zenyewe kwa zenyewe. Sahani moja ina vishimo 96.

Joto nyuzi 37, insulini, deksamethasoni (dawa ya jamii ya steroidi) za kuzihimiza seli zijaze mafuta, na majimaji mapya kila baada ya siku mbili tatu. Siku za mwanzo kidonge hulala chini, kwa hiyo unanyonya majimaji kwa juu. Mkono wangu ukazoea hivyo. Siku ya 21 niliwasha pampu nikapita safu baada ya safu, na kasi yangu nikaisifu mwenyewe. Zilipobaki safu chache nikainua sahani kwenye mwanga. Vishimo vitupu! Kwenye chupa ya taka, juu ya jiki, vijidoa vyeupe vilikuwa vinaelea.

Vilikuwa vimeshiba mafuta hadi vikapanda juu. Nilivinyonya kwa sababu vilifaulu.

Jioni nikampigia mama, anauza supu Korogwe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona sauti imelala?"

Nikamweleza. Akakaa kimya kidogo.

"We mtoto, supu yangu umeiengua mafuta miaka mingapi? Uliyakuta chini hata siku moja?"

Msimamizi wangu, profesa mzima, hakuwa na swali zuri kuliko hilo.

Vilisalimika vidonge kumi na sita. Tangu hapo nilitumia pipeti ya mkono, kijirija cha kunyonyea, ncha ikigusa ukuta chini kabisa, nikitoa nusu tu ya majimaji. Wiki iliyofuata nilivigandisha, nikavikata vipande vyembamba na kuvitia rangi nyekundu inayoshika mafuta. Kwenye hadubini, baadhi ya seli zilikuwa na tone moja limejaa tele, na kiini kimesukumwa ukingoni kama abiria wa daladala aliyebanwa dirishani.