Nilivyojifunza kumwaga kokoto treni ikiwa mwendoni

Wengi wakiiona treni ya kokoto, ile inayomwaga mawe ya kushikilia njia ya reli, hudhani kazi yake ni kama ya lori la mchanga: inafika, inamwaga, inaondoka. Hata mimi nilitoka kwenye genge la sururu na mtaimbo nikidhani hivyohivyo. Kumbe kokoto humwagwa treni ikitembea, na mlango wa behewa ukishafunguliwa treni haitakiwi kusimama. Ikisimama, mawe yanaendelea kushuka, yanarundikana juu ya reli, na magurudumu yanayofuata yanaweza kuupanda mrundo huo yakaacha njia.

Kwa hiyo ugumu haukuwa kuzungusha usukani wa mlango. Ulikuwa kwenye hesabu. Behewa lina tani 40, msimamizi anataka tani moja kila mita, basi liishe ndani ya mita 40. Kwa mwendo wa mtu anayetembea, tuseme kilomita 4 kwa saa, hizo ni sekunde 36 tu, tena usiku, macho yamejaa vumbi. Saa haikunifaa kitu, nani ataitazama? Nikahamia kwenye mataruma, yale magogo au mihimili inayolazwa kukingama chini ya reli. Yakipangwa kila sentimita 60, mita 40 ni mataruma 67 hivi. Kabla treni haijaingia nilipita na chaki nikitia alama ya kufungua na ya kufunga. Ile ya kufunga niliitanguliza mataruma machache, maana mlango hauzibi papo hapo na mawe huendelea kuponyoka.

Baadaye masikio yakapata kazi kuliko macho. Jiwe likigonga taruma tupu hulia kwa ukali. Likiangukia kokoto wenzake sauti huzibika. Sauti ikibadilika, napunguza mlango.

Redioni maneno yalikuwa machache: anza, polepole, nimefunga. Dereva hawezi kutuona huko nyuma, hivyo pasipo dharura hakanyagi breki mpaka asikie hilo la mwisho. Mzee aliyenifundisha alikuwa na ukali wake pia: usimalize kokoto za upande mmoja ukaacha wa pili umejaa, behewa litalemea. Na kwenye makutano, pale reli zinapogawanyika, milango yote ifungwe. Jiwe moja likikaa kati ya ulimi wa reli, kile kipande kinachosogea kuielekeza treni, na reli yenyewe, ulimi haufungi. Hapo ni chepe na mikono, hakuna ujanja.

Utajua kama umemwaga sawasawa ikija mashine ya kushindilia. Huinua reli pamoja na mataruma, ikachomeka vidole vyake vya chuma vinavyotetema kama mara 35 kwa sekunde, ikasukuma kokoto chini ya taruma. Ulipobania mawe, inabana hewa. Mwendesha mashine atakuita, na hatakuita kwa upole.

Hata baada ya kushindilia, treni za abiria hupunguziwa mwendo kwa muda, kwa sababu kokoto zilizovurugwa hazijayashika mataruma vizuri. Jua likiwa kali ni hatari zaidi: chuma kinatanuka, na njia iliyolegea inaweza kupinda ubavuni. Ndiyo maana siku za joto mashine huahirishwa, na sisi wa treni ya kokoto hupewa machepe tukajaze mabega ya tuta, kwenye ncha za mataruma, ambako njia huzuiwa isisogee kando.