Erbach, mji wa Graf na pembe za ndovu

Treni ya kwenda milima ya Odenwald ilitoka Darmstadt, Ujerumani, asubuhi ya Septemba, imejaa wazee wenye fimbo za kutembelea msituni. Mdogo wangu anasoma Darmstadt, na ndiye aliyenipeleka. "Dada, leo utaona kasri la watawala wa zamani," aliniambia. Hakunieleza kwamba ndani ya kasri lile kuna jumba la makumbusho la pembe za ndovu. Mimi nimekulia Bagamoyo, hatua chache kutoka Karavanserai, nyumba ambako misafara ya kutoka Tabora na Ujiji ilikuwa ikitua mizigo ya pembe.

Erbach ni mji mdogo. Mto Mümling unaupita kimya kimya, na kasri liko papo hapo kando yake: mnara wa mviringo wenye umri wa karibu miaka 800, na mbele yake jengo refu lililojengwa mwaka 1736. Uwanjani imesimama sanamu ya Graf Franz wa Kwanza, na huyo ndiye aliyenishika moyo siku nzima.

Graf ni mtawala wa kaunti. Wazee wa ukoo wa Erbach walianza chini zaidi: walikuwa wanyweshaji, kama Nehemia wa kwenye Biblia, wakihudumu kwa watawala wakubwa wa Palatine kule mto Rhine. Mwaka 1532 wakapandishwa hadhi kuwa Graf wa Dola Takatifu ya Kirumi, dola iliyounganisha nchi nyingi za Kijerumani zamani. Nchi yao ilikuwa misitu na vilima vyenye udongo usioshibisha watu, na kila kizazi walizidi kuigawana, wengine Erbach, wengine Fürstenau, wengine Schönberg. Mwaka 1806, Napoleon alipoipanga upya Ujerumani, kaunti ikamezwa na Hesse. Ukoo ukabaki na kasri, ila utawala ukawa umekwisha.

Franz alizaliwa mwaka 1754 na kufiwa na baba angali mtoto mdogo. Alipokua alisafiri hadi Roma, akarudi na shauku isiyopoa. Vyumba vyake bado vimejaa vichwa vya marumaru vya wafalme wa Kirumi, na humo mna kichwa cha Alexander Mkuu akiwa kijana, ambacho wataalamu wa sanaa wanakijua kwa jina la Erbach hii hii. Ukumbi mwingine umepangwa mavazi ya chuma ya mashujaa wa vita, na mwingine kuta zake zimefunikwa pembe za paa na kulungu. Nilipita haraka. Nilikuwa na haraka ya kushuka kwenye pembe nyingine.

Watu wa Odenwald walikuwa wamezoea kuchonga mbao na pembe za wanyama wa msituni mwao. Mwaka 1783 Franz akawaletea pembe za ndovu, ili wapate kitu cha kuuza mbali na pale. Naye mwenyewe alijua kukereza: alikaa kwenye kerezo, mashine inayozungusha kitu kikichongwa, kama fundi yeyote. Hilo nililipenda kwa dhati. Mtawala anayeona raia wake wana mikono hodari lakini mifuko mitupu, akaketi nao kazini, anastahili ile sanamu.

Vyumba vya makumbusho vina giza, taa ziko ndani ya vioo tu. Nilisimama mbele ya waridi. Ni bruchi, pambo la kubandika kwenye nguo, ukubwa wa kifungo cha koti, aina iliyopata sifa kwenye maonyesho ya Vienna mwaka 1873. Petali zake ni nyembamba hata mwanga unapenya, na pembeni petali moja imekunjika kama ua lililoguswa na jua la mchana. Mdogo wangu alinong'ona, "Dada, hii ilikuwa jino la mnyama."

Nikamkumbuka bibi. Alikuwa akitusimulia juu ya babu yake, mpagazi wa Kinyamwezi aliyeshuka na misafara hadi pwani, akiwa na sugu begani, ngumu kama kisigino. Pembe ilifungwa kengele, ilie njia nzima. Pwani ikapimwa kwa frasila, ikavushwa Unguja, ikaenda kwa watu asiowajua. Nilitazama lile waridi nikatafuta sugu ya babu ndani yake.

Mwaka 1989 biashara hiyo ilifungwa. Tanzania ilikuwa mstari wa mbele kuudai mkataba wa kimataifa umlinde tembo wa Afrika, na mwaka huo huo jeshi letu liliingia porini kwa Operesheni Uhai kuwasaka majangili. Kenya nayo iliteketeza tani 12 za pembe jijini Nairobi. Mimi naona ilikuwa haki, na bado naona hivyo nikiwa nimesimama kati ya mafundi walioumizwa na uamuzi ule. Erbach waligeukia mifupa, na pembe za mamothi, ndovu wa kale wanaofukuliwa kwenye barafu ya Siberia.

Fundi mmoja alinipa kipande cha pembe ya mamothi nishike. Kilikuwa kizito kuliko nilivyodhani, rangi ya chai ya maziwa, na mistari iliyopishana kama ukili. Akaniuliza natoka wapi. Nilipotaja Bagamoyo hakuijua, lakini niliposema Zanzibar aliacha patasi mezani.

Nilinunua waridi dogo la mfupa wa ng'ombe. Kwenye treni mdogo wangu alilifungua kwenye karatasi, akalipachika kwenye ncha ya mtandio wangu, tukaiangalia misitu ya kina Graf ikipita hadi giza lilipoingia.