Sindano imechomwa, uji haujafika
Juzi wodini Mama alichomwa insulini, dawa ya kushusha sukari mwilini, saa 1 asubuhi, halafu wakaja kusema asile, anaenda kupigwa ultrasaundi ya tumbo. Foleni ikavuta mpaka saa 4. Namgusa, kanga imelowa jasho chapachapa, mikono inatetemeka, ananiita kwa jina la marehemu dada yake. Mimi nikadhani ni usingizi! Nesi akamtoboa kidole kupima sukari ya damu: 2.4 mmol/L. Chini ya 4 tayari imeshuka, na kumeza hawezi, ikabidi glukosi, yaani sukari, ipite kwenye mshipa. Kama dakika 10 hivi akafumbua macho, akauliza uji wake nani kanywa. Nyumbani tulizoea kuogopa sukari kupanda tu. Sasa kila sindano ikija nauliza kwanza: chakula kipo?