Nilivyounda na kuipima foromali ya faibaglasi kwa ngalawa ya mashindano

Foromali ya mti, yaani boriti ndefu inayofungiwa tanga, ya ngalawa tunayoshindania hapa Nungwi ilikuwa nzito mno, nami nilitaka kupunguza uzito huo wa juu unaokiyumbisha chombo. Fundi aliyeiunda ngalawa alinionya mapema: "Mwanangu, foromali isiyopinda itakuvunjia mlingoti." Onyo hilo ndilo lililoamua usanifu wote.

Kwa hiyo nilianza kwa kuipima ile ya mti. Niliifunga mahali pa henza, yaani kamba ya kuipandishia mlingotini, kama inavyoning'inia baharini, nikatundika kwenye kila ncha ndoo yenye lita 20 za maji, yaani kilo 20, kisha nikapima ncha zilivyoshuka. Kipimo hicho kikawa shabaha yangu. Nyuzi za kaboni, ambazo ukaidi wake wa kupinda ni takriban mara tatu ya ule wa nyuzi za kioo, niliziacha. Zinasifiwa sana, lakini kwa chombo hiki sifa hiyo ni hasara, na bei yake ni balaa. Nililaza faibaglasi, yaani hizo nyuzi za kioo, kwa urefu juu ya kiini cha povu gumu, nikaizungushia matabaka yaliyokaa mshazari kwa digrii 45 ili yahimili msokoto.

Kazi ya epoksi, yaani gundi inayoshika nyuzi na kuwa ngumu, niliifanya baada ya sala ya alfajiri, nikichanganya kidogo kidogo kwenye sinia pana, kwani ikirundikana ndani ya kopo hujipasha moto yenyewe na kuganda upesi.

Ilipokwisha kuwa ngumu niliigonga kwa sarafu kutoka ncha hadi ncha: mlio mkali ni salama, mlio mzito huashiria kwamba matabaka yameachana na kiini. Kisha nikairudishia ndoo, mara hii mzigo ukiwa maradufu, nikaiacha usiku kucha. Asubuhi nilipoutua, ncha zilirudi zilipokuwa. Anayeona tahadhari hii imezidi na akumbuke mashua oneAustralia, iliyokatika na kuzama San Diego mwaka 1995 katika mchujo wa kuwania America's Cup, kombe maarufu la mashindano ya mashua za tanga.

Mwisho niliipaka rangi nyeupe, kwa sababu epoksi iliyogandia kwenye joto la kawaida huanza kulainika kwenye nyuzijoto 50 hadi 60, na rangi nyeusi juani hufika huko bila shida. Pale henza inaposugua nilizungushia kamba ya nazi, nayo hubadilishwa ikichakaa.