Simu kwenye stendi, mdoli mezani: nilivyojifunza kumpumulisha mtoto mchanga

Katika stashahada ya uuguzi na ukunga, dozi na hesabu za dripu hazikunisumbua sana. Kilichonitesa ni kumpumulisha mtoto mchanga kwa barakoa na mfuko wa hewa unaokamuliwa kwa mkono. Darasani mkufunzi alituonyesha kwa projekta, picha kubwa ukutani na mishale myekundu, na kila mtu alielewa. Ukiulizwa unajibu bila kusita: mkaushe mtoto, mchue mgongo, asipopumua anza kumpumulisha kabla dakika moja haijaisha, ile dakika ya dhahabu inayosisitizwa na mafunzo ya Helping Babies Breathe tangu yalipozinduliwa mwaka 2010. Majibu tulikuwa nayo wote. Kifua cha mdoli wa mazoezi ndicho kilichokataa kupanda.

Mdoli wenyewe ni NeoNatalie, wa Laerdal ya Norway, kampuni iliyoanza na vitabu vya watoto na midoli ya kuchezea kabla ya kugeukia vifaa vya kuokoa uhai. Unajazwa maji ya uvuguvugu mpaka unakuwa mzito na mlegevu kama kichanga, na kuna kibofu cha mpira ambacho mwenzako akikiminya, kitovu kinadunda. Haudanganyiki: hewa ikivuja pembeni ya barakoa, kifua hakipandi hata ukamue mfuko kwa nguvu zako zote. Ila hauwezi kukwambia hewa inavujia wapi. Wa kukwambia ni mkufunzi, naye yuko mmoja, na sisi ni darasa zima.

Kikundi chetu kikaomba ufunguo wa maabara ya vitendo kwa saa za jioni. Tukafunga simu kwenye stendi ya bei rahisi, zile za watu wa TikTok, ikaelekezwa kwenye mikono tu. Mmoja anapumulisha, mwingine anaminya kibofu cha kitovu, wa tatu ameshika orodha ya hatua. Kisha tunakaa kutazama video, polepole, tukiisimamisha kila tunapoona jambo.

Kwenye video niliuona mkono wangu kama wa mtu mwingine. Kidole gumba na cha shahada vilikaa vizuri juu ya barakoa, umbo la herufi C. Vile vitatu vya chini, ambavyo kazi yake ni kuinua mfupa wa taya, vilikuwa vinabonyeza nyama laini chini ya kidevu, yaani naziba njia ileile ninayotaka kuifungua. Mkufunzi alishalisema hilo darasani, nami nililiandika kwenye daftari. Kasi nayo ilionekana. Inatakiwa pumzi 40 hadi 60 kwa dakika, na karibu wote tulikuwa tunakimbia. Mwenzetu mmoja alibisha mpaka tulipohesabu naye huku saa ya video ikitembea.

Usiku nilikuwa naangalia Safe Delivery App, programu ya simu ya mafunzo ya ukunga, ambayo ukishaipakua haikudai intaneti. Inafaa kukumbushia mpangilio wa hatua, lakini vidole haivinyooshi. Na umeme ukikatika, projekta imekwisha, simu inaendelea.

Leba simu haiingii. Mama aliye kitandani hakuja kurekodiwa, na hilo halina mjadala.

Zamu moja mtoto alitoka hajalia. Mkunga alimkausha, akamchua, kimya. Akakata kitovu, akamlaza mezani, akanipa mfuko huku amesimama begani kwangu. Pumzi za mwanzo kifua hakikupanda. Nikaweka kichwa upya, nikaufungua mdomo kidogo, vidole vitatu vikashika mfupa, kifua kikapanda. Nikawa nahesabu kwa sauti kama tulivyozoea maabara, mkunga akanikatiza: "Hesabia moyoni, mama anakusikiliza." Haikuchukua muda mtoto akalia.

Jambo moja lakini mdoli haukuwahi kunifundisha. Ngozi yenye maji ya uzazi na damu inateleza, barakoa inahama kila ukipumua wewe mwenyewe. Mdoli wetu siku zote ulikuwa mkavu! Tukarudi maabara, tukaulowanisha, tukalowanisha na glovu, tukawasha simu. Video zikawa mbovu kama zile za mwanzo kabisa, tukaanza kusahihishana upya. Kwa maoni yangu hapo ndipo teknolojia ilipolipa: si katika kutuonyesha mtaalamu anavyofanya, bali katika kutuwezesha kulichukua tatizo la wodini na kulirudia mezani, mbele ya macho yetu, bila mtoto wa mtu kuwa hatarini.

Na lile la mama kusikiliza tuliliongeza pia. Mmoja wetu anakaa pembeni anacheza mama, anauliza, "Mbona halii?", na anayepumulisha lazima amjibu kwa utulivu bila kupoteza kasi. Mkufunzi alipoziona video hizo aliliingiza zoezi kwenye ratiba ya darasa linalotufuata. Nasikia wanalalamika kwamba yule mama anauliza maswali mengi.