Kayaki ya mtumba na mgongo wangu

Wiki ya tatu sasa nalala na kuamka na picha ya kayaki moja kwenye simu, kile chombo chembamba cha kupigia kafi, hiki cha kuvulia samaki. Ni ile aina ya kukalia juu, si ya kutumbukiza miguu ndani. Urefu mita 3.6, kiti cha fremu ya alumini, vishikio vinne vya fimbo za kuvulia. Mtumba, ndiyo, lakini kwa macho mtumba wa daraja la kwanza. Mwenye nayo ni mzee mstaafu. Nilipomuuliza kwa nini anaiuza, hakuzunguka: "Mgongo umekataa. Siwezi tena kuinyanyua."

Laiti ningelisikiliza jibu hilo vizuri, ningeokoa mafuta ya gari.

Nilikwenda Jumamosi nikitoka zamu ya usiku, macho mekundu kama dagaa wa juzi. Tukaipindua tumbo juu. Mikwaruzo ilikuwa mingi na wala haikunitisha, maana plastiki ya vyombo hivi, polithini, hugongwa na mawe na kuburuzwa kwenye changarawe ikabaki na alama tu. Adui wake mkubwa ni jua. Ikianikwa miaka nje inapauka, inakauka, na siku moja inapasuka kama ganda la yai. Hii rangi yake ilikuwa bado hai. Nikabonyeza tezi, yaani sehemu ya nyuma ya chombo, kwa dole gumba, kwa sababu ndiko inakoburuzwa, na plastiki ikiwa imelika inabonyea. Haikubonyea. Moyo ukaanza kuhesabu samaki.

Likabaki suala la matundu. Kayaki ya kukalia juu haifuliwi maji. Wimbi likirukia ndani, maji yanashuka yenyewe kupitia matundu yanayotoboa kutoka sitaha hadi chini ya tumbo. Raha kabisa, ila kuna watu huchomeka kigari cha magurudumu humo humo kwenye matundu wakaisukuma hadi ufukweni. Uzito wote unakaa pale, na nyufa huanzia pale. Gundi ya kawaida haishiki polithini, hivyo ufa lazima uchomelewe kwa joto na plastiki ya aina ileile, na mkono wa fundi uwe mzuri.

Nikamwomba mzee mpira wa maji. Tukaigeuza, tukaiegesha juu ya vigoda viwili, nikamimina maji ndani kupitia mfuniko wa mbele, kiasi cha kufunika sakafu, tukasubiri tukizungumzia mvua. Dakika 10, kukavu. Kisha chini ya kiti, tundu la kushoto, tone. Likafuata la pili.

Mzee akainama, akalitazama muda mrefu. "Sikuwahi kujua," akasema. Nilimwamini. Kwa uvujaji mdogo namna hiyo, ukirudi nchi kavu unamwaga lita moja, unadhani maji yameingia kupitia mfuniko, maisha yanaendelea. Akapunguza bei palepale kabla sijafungua mdomo, na hapo ndipo nilipokaribia kuanguka, maana bei ikishuka akili yangu nayo hushuka.

Kilichoniokoa ni kuirudisha mahali pake. Kilo 38 tupu! Wawili tuliibeba tukihema. Mimi naishi ghorofa ya tatu, lifti yenyewe haichukui hata sofa. Tuseme nipate pa kuihifadhi chini: nani atanishikia upande wa pili kuipandisha juu ya gari saa 10 alfajiri? Nina majirani wa kupungiana mikono, si wa kugongeana mlango gizani. Huku ughaibuni kupata mtu wa kukushikia upande wa pili ni kazi kuliko kupata chombo chenyewe.

Halafu kuna hesabu niliyokuwa naikwepa. Uzito wa juu ulioandikwa kwenye chombo unajumlisha kila kitu: mimi, betri, nanga, sanduku la barafu, hata samaki. Ukitaka kisizame mno na kuwa kizito kupiga kafi, unaacha kama theluthi moja. Nikijitoa mimi, iliyobaki haikutosha hata uongo wa wavuvi. Na bado sijanunua jaketi la kuokoa maisha, wala nguo za maji baridi. Hapa jua linaweza kuwaka vizuri na maji yakawa ya kukukata pumzi dakika ya kwanza tu ukitumbukia. Unavaa kwa kufuata maji, si kwa kufuata anga.

Jumapili usiku nikamwandikia mzee kwamba naiacha, na kwamba amwambie mteja ajaye kuhusu lile tone. Akajibu kwa neno moja la shukrani na picha ya utepe mwekundu aliozungushia lile tundu.

Sasa nimeona nyingine. Fupi, haina kiti cha maana, vishikio viwili tu. Kilo 22. Naenda kuiona kesho kutwa, na ndoo nimeshaiweka kwenye buti.