Mabano Mawili

Binti wa kaka yangu ameanza kujifunza kuandika programu likizo hii. Jana alikuwa akiisoma plugini yangu ya malipo, yaani kipande cha programu kinachopachikwa kwenye tovuti ya duka ili ipokee malipo, akasimamisha kidole kwenye skrini. "Shangazi, mbona namba ya simu umeitia ndani ya mabano? Na hizi nyota katikati ni za nini?"

La mabano nilimjibu pale pale. La nyota nikamwambia tule kwanza.

Plugini hiyo niliiandikia duka moja la leso, la Mtaa wa Biashara hapa Mombasa. Oktoba 2019 ilikuwa imekaa miezi minne kwenye seva ya duka, kompyuta inayoendesha tovuti yake, bila kulalamikiwa na mtu. Kabla ya kuikabidhi nilikuwa nimefuta kila mstari ulioandika chochote kwenye faili, kwa sababu niliamini programu iliyokomaa hukaa kimya. Mteja akibonyeza kulipa kwa M-Pesa, ombi hutoka kwenye seva, simu yake humtaka namba ya siri, jibu hurudi, na oda hugeuka kuwa imelipwa. Yaliyopita kati ya hatua hizo hayakuandikwa popote.

Jioni moja mwenye duka akanipigia. "Hebu sema na bibi huyu, mimi nimeshindwa."

Alikuwa Lamu. Aliagiza leso za harusi ya mjukuu wake, akalipa, ujumbe wa kuthibitisha anao, lakini oda yake kwetu ilikuwa bado inasubiri malipo. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akaniuliza kwa upole ulioniumiza kuliko ukali: "Mwanangu, pesa kwangu imetoka. Nyinyi mwasema kwenu haikufika. Basi ni nani aliyeishika njiani?"

Sikuwa na jibu. Programu niliiandika kwa mkono wangu mwenyewe, nami sikuwa na mahali pa kutazama nimwambie lolote. Mwenye duka alimtumia leso zake kwa basi la asubuhi, akaliamini neno lake. Mimi nikamwomba bibi anipe siku mbili.

Siku hizo mbili niliipa plugini batli, daftari la kuandikia kila linalotokea safarini. Neno nimelitoa kwa babangu, aliyefanya kazi melini. Kwake chombo kisicho na batli hakikuwa chombo cha kupandwa. Kwenye ukurasa wa mipangilio niliweka ngazi nne za kuchagua: kimya, makosa, taarifa, na kila kitu. Kila mstari ungeandikwa na saa yake, na mwenye duka angeweza kubadilisha ngazi bila kugusa programu.

Usiku wa pili nikaweka "kila kitu", nikaunda bidhaa ya majaribio ya shilingi 1, nikampigia bibi. Mjukuu wake ndiye aliyeshika simu ya kuagizia, yeye akashika ya kulipia. Mimi niko mezani Mombasa, faili liko wazi mbele yangu, feni inazunguka. Mstari wa kwanza ukaingia: ombi limetumwa. Kisha kimya. Nilimsikia upande wa pili akitafuta miwani, akimwambia mjukuu asogee asimzibie taa. Mstari wa pili: jibu limepokewa, 0, yaani malipo yamefaulu. Wa tatu: hakuna oda yenye namba hii. Chini yake plugini ikaiorodhesha oda iliyokuwa ikisubiri, pamoja na namba yake ya simu.

Namba mbili, moja juu ya nyingine. Nilizisoma tarakimu kwa tarakimu kwa sauti, mara tatu, na bibi akinifuatisha kwenye simu kama mtu anayeitikia dua. Zilikuwa sawasawa. Programu ilikataa kwamba ni sawa.

Ndipo nikatia mabano, moja mwanzo wa namba, moja mwisho, nikamwomba bibi shilingi nyingine. Hakuuliza kwa nini. Safari hii namba ya juu ilibanwa na mabano yake vizuri. Ya chini, kabla ya bano la kufunga, palikuwa na nafasi. Nafasi moja tupu. Simu ya mjukuu ilipopendekeza namba naye akaigusa, iliongeza nafasi mwishoni, kama zifanyavyo simu nyingi baada ya neno. Wakati wa kutuma ombi niliisafisha namba. Wakati wa kuihifadhi kwenye oda sikuisafisha. Na nilikuwa nikitafuta oda kwa namba ya simu, badala ya kitambulisho cha ombi, ambacho hurudi na jibu vilevile kilivyotoka.

"Bibi, nimeiona," nikamwambia. "Hakuna aliyeishika. Ni kosa langu."

"Alhamdulillahi," akasema. "Nilikuwa naogopa wataniona mwongo."

Nilirekebisha usiku ule ule nikalala. Ngazi sikuirudisha.

Novemba 8 Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ilitiwa saini, ikazungumzwa redioni, nami nikalikumbuka faili. Wiki tano za "kila kitu". Namba za watu, kiasi, saa. Kulikuwa na mtu aliyepata jibu la 1032 mara nne, yaani alikatiza mwenyewe, kisha akalipia kitu cha bei ndogo zaidi. Kulikuwa na namba iliyorudisha jibu la 1, salio halitoshi, mara tatu katika usiku mmoja. Niliandika anwani ya faili kwenye kivinjari cha simu yangu, likafunguka bila kuulizwa chochote.

Nililiondoa, nikalihamishia folda isiyofikiwa kutoka nje, nikaficha tarakimu za katikati kwa nyota, nikaweka kawaida iwe "makosa" tu, na "kila kitu" ijizime baada ya saa 1. Kisha nikamwambia mwenye duka. Akauliza kama kuna mtu aliyeliona. Rekodi za Nginx, programu inayopokea maombi ya vivinjari kwenye seva ile, zilikuwa zikihifadhiwa siku 14, na ndani ya siku hizo aliyelifungua ni mimi peke yangu. Za wiki tatu za mwanzo zilikuwa zimeshafutwa.

Jana usiku, vyombo vilipokwisha kuoshwa, mtoto akarudi na kompyuta yake mkononi. "Shangazi, na nyota?"

Nikamwambia akae. Nikaanza na ile namba iliyokosa salio.